Aliyebisha Kutoka Ndani

Jina la Bwana liinuliwe, wapendwa! Naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu kusimama mbele ya watu na kipaza sauti si kitu nilichozoea. Mimi naitwa Barasa. Kwetu ni Bungoma. Nilikuwa koplo katika jeshi la nchi yetu, na leo mnaniona hapa Ruiru nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi, nimetoka kwenye nyumba yenye mlango, na mlango huo nimeufunga kwa kufuli kabla ya kuja kanisani. Ndugu zangu, kwenu kufunga mlango ni kitu kidogo. Kwangu mimi ni muujiza, na ndio maana nimemwomba mchungaji anipe nafasi.

Sitawapeleka vitani. Nitasema kidogo tu ili mnielewe.

Tulikuwa Somalia, kikosi chetu kikisindikiza magari ya maji na chakula. Dereva wa gari letu la kivita alikuwa rafiki yangu Kiptoo, kijana mrefu hadi magoti yake yalikuwa yanagusa usukani. Kidoleni alikuwa na pete ya chuma aliyopewa na babu yake. Kila mara kabla ya kuondoa gari, aliigonga pete hiyo kwenye chuma cha mlango: ko, ko, ko. Anatulia. Halafu: ko. Maana yake ilikuwa, "Niko tayari, pandeni." Hakuhitaji kuita mtu. Sote tuliijua sauti ile.

Asubuhi moja tulikuwa mbele kwa miguu, tukikagua barabara, naye Kiptoo akitufuata polepole na gari. Likakanyaga bomu. Vumbi lilipotulia, gari lilikuwa limelala ubavu na moshi unatoka chini. Tulikimbia. Mlango ulikuwa umejikunja kama kopo lililokanyagwa. Tulivuta, wapendwa! Nilivuta hadi ngozi ya viganja vyangu ikabaki pale. Na kutoka ndani tukasikia: ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Hakupiga kelele. Alikuwa anabisha tu, taratibu, kama mtu anayejua atafunguliwa. Kisha moto ukafika kwenye mafuta, na wenzetu wakatuburuta nyuma. Hakuna aliyezembea. Chuma kilikataa, basi. Hata mama yake Kiptoo nilipoenda kumwona alinishika mikono akatazama yale makovu, akaniambia, "Mwanangu, ulivuta." Sina deni kwake wala yeye kwangu.

Kwa hiyo nilidhani imekwisha.

Niliporudi nilikaa jeshini kidogo, kisha nikatoka. Mimi na mke wangu Nekesa na watoto wetu wawili tukapanga nyumba Mwihoko. Zile ploti mnazijua: gorofa, korido ndefu, milango ya chuma pande zote, nguo zimeanikwa mpaka kwenye ngazi. Nikapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja hapa Ruiru. Maisha yalikuwa yanaanza kukaa sawa.

Siku moja Nekesa alikuwa amekwenda sokoni na watoto wako shule. Nikafunga nyumba niende kazini. Nikatia ufunguo mfukoni. Nikasikia kutoka ndani ya nyumba yangu: ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Ndugu zangu, watu hudhani mambo kama haya huja gizani. Hapana! Jua lilikuwa limewaka. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei ya mbolea. Mama mmoja alikuwa anafua hapo koridoni, ananitazama. Nikafungua mlango. Hakuna mtu. Kitanda, meza, kikombe cha mtoto, pazia limetulia tuli. Nikafunga. Ikabisha tena.

Nilisimama pale nikifungua na kufunga, nikifungua na kufunga, hadi yule mama akabeba beseni lake akaingia kwake.

Tangu siku hiyo, chochote kilichofungwa kilikuwa na mtu ndani. Huko kazini kulikuwa na makontena. Nilikuwa nikipita katikati yake, na moja linabisha. Nikiweka mkono kwenye bati, nahisi mtetemo wake kwenye viganja, pale pale penye makovu. Nikavunja la kwanza. Ndani kulikuwa na magunia ya sabuni. Nikavunja la pili. Nikafutwa kazi, na sikulaumu mtu, kwa sababu mlinzi anayevunja kufuli za tajiri wake atamweleza nini? Niseme kuna dereva humu ndani anataka kutoka?

Pale kwenye ploti nikavunja mlango wa jirani, mwalimu, mtu mpole ambaye hakuwa nyumbani. Watu wakakusanyika. Wakaniita mwizi. Kuna aliyekuja na tairi na kiberiti, wapendwa, na mnajua tairi ni la nini. Keyateka, yule msimamizi wa ploti, ndiye aliyeniokoa. Alisimama mbele yangu akawaambia, "Huyu hajaiba kitu. Tazameni uso wake." Wakatazama, na wakarudi nyuma. Sijui waliona nini usoni mwangu. Lakini hakuna aliyenigusa, na tangu hapo hakuna aliyenisalimia.

Nikang'oa mlango wa nyumba yetu wenyewe. Tukaishi na pazia. Nekesa alivumilia, mtoto wa watu! Alikuwa anaweka kiti mlangoni watoto wakilala, asubuhi anakiondoa. Nikang'oa mlango wa kabati. Nikatoa vifuniko vya sufuria nikaviweka chini ya kitanda. Kilichobaki ni sanduku moja la chuma ambamo Nekesa aliweka blanketi za wageni.

Jioni moja kabla ya chakula nilikuwa nanawa uso, mikono yangu yote miwili iko ndani ya beseni. Nekesa alikuwa anakata sukuma wiki. Nikaona kisu chake kimesimama.

"Baba Simiyu," akasema, "ni nini hiyo kwa sanduku?"

Sikuitoa mikono majini. Nilishindwa. Kwa sababu mpaka dakika ile nilikuwa na tumaini moja tu, kwamba mimi ni mgonjwa wa akili na sauti iko kichwani mwangu peke yangu. Na sasa mke wangu ameisikia.

Ikabisha tena. Nekesa akatazama mikono yangu ndani ya maji. Akatazama sanduku. Akaweka kisu chini polepole, akavalisha watoto sweta, akachukua mkoba. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Si wewe naogopa. Wewe nakupenda. Naogopa hicho kinachokufuata." Wakaenda Bungoma kwa wazazi wake. Mimi sikumlaumu hata siku moja.

Nikaondoka pia. Kuna gorofa moja upande wa Mwiki ambayo mwenyewe aliishiwa pesa akaiacha ikiwa mifupa. Haina milango, haina madirisha, ngazi hazina hata pa kushikilia. Nikaona hapa ndipo pangu. Mahali pasipo na mlango, nani atabisha? Nikakaa pale. Nilikuwa na blanketi moja la jeshi na kopo la kuchemshia chai. Upepo ulikuwa unaingia upande huu unatokea ule, njiwa wamejaa. Watu wa mtaa walikuwa wakinikwepa. Akina mama walikuwa wanatishia watoto kwa jina langu: ukikosa kula, utapelekwa kwa Mzee wa Gorofa. Na mimi sikuwa mzee.

Nilienda kuombewa, msinielewe vibaya. Nilikwenda mikutano, nilifunga kula, nilianguka, niliinuliwa. Wachungaji walifanya kazi yao kwa moyo wote. Narudi nikiwa mwepesi, nasema nimepona, halafu napita mbele ya duka lililofungwa na nasikia mtu ndani.

Sasa sikilizeni. Juu kabisa ya ile gorofa kulikuwa na tenki la maji la plastiki, tupu, mfuniko umefungwa. Sikuwa nimeliona, kwa sababu sikuwa napanda hadi huko. Siku moja nimekaa chini, mchana, nikasikia kutoka juu: ko, ko, ko. Kimya. Ko. Nikapanda. Na hapo ndipo nywele zilinisimama, ndugu zangu, kwa sababu plastiki hailii hivyo. Plastiki ukiigonga inatoa sauti ya bubu. Ile ilikuwa sauti ya pete juu ya chuma.

Nikafungua mfuniko. Nikaingiza kichwa. Giza na harufu ya maji yaliyokauka. Nikaita, "Kiptoo!" Sauti yangu ikazunguka mle ndani ikanirudia ikiwa imebadilika, kama ya mtu mwingine anayeita Kiptoo. Nikasubiri. Na kutoka upande wa chini wa tenki, mahali ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa saruji, ikabisha.

Sikushuka tena. Nilikaa pale juu nimelaza kifua kwenye mdomo wa lile tenki, nikimwambia, "Nakusikia, nakusikia." Sikuwa nakula. Nikaanza kufikiri kwamba njia ya kumfungulia ni mimi kuingia mle ndani na kujifungia naye. Ndiyo, wapendwa. Nilishaanza kuteremsha mguu.

Bwana ana njia zake! Kwa sababu ni hapo ndipo niliposikia mtu wa kweli akipanda ngazi, anahema, anakohoa, anamwita mwenye nyumba kama mgeni anayebisha hodi. Alikuwa mzee mmoja mfupi, amevaa kofia ya sufu na viatu vilivyong'arishwa vikang'aa. Alishika mkononi blanketi langu alilolikuta kule chini.

"Nani alikufundisha kukunja blanketi namna hii?" akauliza.

Nikatazama lile blanketi. Lilikuwa limekunjwa kona kwa kona, kama kambini. Nilikuwa nimesahau kuoga, nimesahau kula, lakini mikono yangu ilikuwa inakunja blanketi kila asubuhi.

"Mimi ni Sajini Mutua," akasema. "Mstaafu. Niliambiwa kuna mzimu kwa hii gorofa. Nikasema mzimu unaokunja blanketi hivi ni askari. Toa mguu hapo ndani, Koplo, uje tuongee."

Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni koplo. Nilipomuuliza baadaye, alisema alikisia tu. Basi.

Akaniambia kuna nyumba Thika, mtaa unaoitwa Landless, iliyofunguliwa na akina mama wa kanisa moja kwa ajili ya wanajeshi wa zamani wasio na pa kulala. Hawakai milele. Ni nyumba ya mpito: mtu anaingia, analala, anakula, anapelekwa kliniki, anatafutiwa kazi, akishasimama kwa miguu yake anahamia kwake. Yeye Mutua alikuwa ameingia hapo baada ya kulala kituo cha mabasi, na sasa kazi aliyojipa ni kuzunguka Thika na Ruiru kutafuta wengine.

"Kuna milango?" nikamuuliza.

"Iko."

"Basi siji."

Hakunicheka. Kesho yake akarudi na chai kwenye chupa na mikate. Akarudi tena. Hakuniuliza habari ya tenki. Alikaa tu na mimi tukitazama njiwa. Hatimaye akasema, "Nimeongea na Mama Njambi, mwenye kusimamia nyumba. Amesema utalala verandani. Ukitaka ndani, utaingia mwenyewe." Nikaenda.

Mama Njambi alikuwa nesi kabla ya kustaafu, mama wa Kikuyu mwenye mwili na sauti ya chini. Hakunihubiria. Alinipa maji ya moto, akanipa sabuni, akaniuliza kama nakula githeri ya mahindi na maharagwe. Kila mkaaji pale anapewa ufunguo wa chumba chake ukiwa na kamba ya kuvaa shingoni. Wangu niliurudisha. Akauweka mezani bila kubishana. Nikalala verandani, blanketi mbili, na paka wa nyumba akaja kulala miguuni. Baada ya muda nikaanza kulala chumbani, mlango ukiwa wazi, umezuiliwa na jiwe.

Lakini mapema tu nilikuwa nimewaponza. Stoo ya mahindi ilibisha nikavunja kufuli. Kamati ikaketi. Wengine walisema huyu ni hatari, ana pepo, aondoke. Mama Njambi alinitetea hadi akalia. Alipotoka akaniketisha jikoni. "Mwanangu," akasema, "mlango mmoja tena na kamati haitanisikiza. Utarudi kule kwa gorofa. Na mimi najua ukirudi kule hutashuka ukiwa hai." Nikamwahidi.

Akanipeleka kliniki. Kaunsela pale, dada mmoja mpole, akanifundisha kwamba sauti ikija nisikimbilie mlango. Nisimame. Nitaje kwa mdomo vitu ninavyoviona, kimoja kimoja, hadi nijue niko wapi. Nikafanya hivyo, na ndugu zangu, ilisaidia! Nasikia ko, ko, ko, nasema: meza, kalenda, ndoo, Barasa yuko Thika. Inapungua. Inanyamaza. Nikaanza kunenepa. Nikampigia Nekesa simu, tukaongea habari za watoto.

Sasa nafika mahali ambapo naomba mnisikilize vizuri.

Ilikuwa Jumapili, ule wakati wa baridi ambapo Thika inakuwa na ukungu na manyunyu hata ukipumua unaona pumzi. Wote walikuwa wamekwenda kanisani na Mama Njambi. Mimi nilibaki kuosha sufuria kwa sababu ilikuwa zamu yangu. Nyumba ilikuwa kimya. Ukungu ulikuwa umekuja mpaka kwenye kamba za nguo, yale mashati yaliyoanikwa yanaonekana kama watu wamesimama kwa mstari.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti: sufuria. Bomba. Paka. Ndizi. Barasa yuko Thika.

Ko, ko, ko.

Ilikuwa inatoka chumba cha Sajini Mutua. Na Mutua, kwa nilivyojua mimi, alikuwa kanisani na wengine. Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango wake. Ni mlango wa bati zito, umefungwa, pazia la dirisha limevutwa. Nikaita. Hakuna jibu. Nikagonga. Hakuna jibu. Nikaweka kiganja kwenye chuma na nikausikia ule mtetemo pale penye makovu.

Nikarudi nyuma. Nilitembea mpaka kwenye geti, wapendwa, nikiwa nimeziba masikio. Na ile sauti ikawa haipungui. Kila mara nilipotaja vitu ilikuwa inapungua, lakini siku hiyo ilizidi. Mara ikaanza kuharakisha. Kiptoo hakuwahi kuharakisha hata siku ile ya moto. Hii ilikuwa inaharakisha.

Nikapiga magoti pale kwenye tope. Nikasema, "Bwana Yesu, kama huu ni uongo, nitafukuzwa leo, na wewe unajua nitakapokwenda. Lakini kama kuna mtu mle ndani na mimi nimeziba masikio, sitaweza kuishi. Nakwenda kufungua. Nisimamie!"

Nikausukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Ulikuwa umefungwa kwa komeo kwa ndani, na kwa nje hakukuwa na kufuli. Hilo nililiona baadaye, siwezi kuwadanganya kwamba nilikuwa na akili ya kuliona wakati ule. Nikachukua mtaimbo tuliokuwa tunachimbia mashimo ya ndizi. Nikapiga chuma. Kikakataa. Nikapiga tena, na viganja vikaanza kuteleza kwa damu, na kwa kweli sikujua tena kama niko Thika ama niko kule. Moshi niliunusa. Mchanga niliuona.

Ndipo likanijia neno. Sikulifikiria mimi. Lilikuwa kama mtu amesimama karibu na sikio langu, mtulivu kabisa: "Achana na chuma. Piga ukuta."

Nikaacha chuma. Nikaenda kwenye mawe pembeni, pale bawaba zilipojengewa. Pigo la kwanza, saruji ikamwagika kama unga. Nikapiga, nikapiga, na mlango ukaanguka mzima mzima na fremu yake. Na sauti ikanyamaza pale pale.

Katikati ya chumba kulikuwa na jiko la makaa limekolea wekundu. Mzee wa watu alihisi baridi, hakwenda kanisani, akaliingiza chumbani kinyume na kanuni za nyumba, akafunga kila kitu ili joto lisitoke. Alikuwa kitandani, upande wa mwisho wa chumba, amegeukia ukuta, amejifunga blanketi mwili mzima hadi mikono iko ndani. Nilimwita hakusikia. Nikamburuta hadi kwenye nyasi, nikamlaza ubavu, nikampiga mgongoni, nikimlilia Mungu. Midomo yake haikuwa na rangi ya mtu.

Akakohoa! Bwana asifiwe, ndugu zangu, alikohoa!

Na alipokohoa, nikasikia gari kubwa likiwashwa pale nje ya geti. Mngurumo mzito, wa injini ninayoijua kama ninavyoijua sauti ya mama yangu. Likaondoka polepole, likabadilisha gia, likaenda. Nilisikiliza hadi likapotea kwenye ukungu.

Mara Mama Njambi akaingia getini, amerudi kabla ya wengine kwa sababu alisema moyo wake ulikuwa mzito. Cha kwanza alichoona ni mlango chini.

"Ngai! Barasa, umevunja tena?" Kisha akamwona Mutua kwenye nyasi, na unesi wake ukamrudia. Akapiga magoti, akashika mshipa wa shingo, akanituma kwa jirani mwenye gari la maziwa.

Tukiwa ndani ya gari kuelekea hospitali nikamuuliza, "Mama, lile lori ulilopishana nalo pale nje lilikuwa la nani?"

Akanitazama. "Lori gani? Nimetembea barabara yote kutoka kanisani. Hakuna gari lililopita."

Daktari alituambia tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaandaa mazishi. Alisema ile hewa ya makaa haina harufu, inamlaza mtu kama mtoto. Nikamuuliza kama mgonjwa angeweza kuamka akabisha mlangoni kisha arudi kitandani. Akatikisa kichwa. Alisema mtu wa hali ile hawezi kuinua hata kidole, na kwamba alikuwa amekaa hivyo muda mrefu.

Nikamsubiri Mutua apate nguvu nikamuuliza mwenyewe.

"Mimi sikubisha, Koplo," akasema. "Nilikuwa naota niko kwetu Machakos, nikiwa mtoto, nimelala juani. Nilikuwa nasikia raha tu. Halafu kuna mtu mrefu alikuja akaniziba jua. Nikamkasirikia sana."

Wapendwa, mchungaji wetu ameniomba nisiseme zaidi ya ninachokijua, na mimi namheshimu. Sisemi wafu wanarudi. Sisemi ilikuwa malaika wala sisemi ilikuwa akili yangu. Nekesa aliisikia, mimi niliisikia, na mtu ambaye angekufa yuko hai. Hicho ndicho ninachokijua. Kitu nilichokikimbia miaka yote, nilichokiita laana, Bwana alikichukua akakitumia kufungua mlango uliokuwa na mtu ndani. Na baada ya hapo sikusikia tena. Nimepita makontena. Nimepita maduka yaliyofungwa. Kimya. Siku za kwanza nilikuwa nasimama nasubiri, na niwaambie ukweli, nililia, kwa sababu kimya kile kilikuwa kama kuagana na rafiki.

Kamati haikunifukuza. Wenyewe walikuja na saruji tukajenga ule ukuta pamoja. Nikamaliza muda wangu pale Thika nikiwa na ufunguo wangu shingoni. Mama Njambi akanisaidia kupata chumba hapa Ruiru, akina mama wakaleta godoro na sufuria. Kliniki bado naenda, na dawa nameza. Msione haya kwenda, Mungu ana wauguzi wengi. Nekesa amerudi na watoto. Ndiye yule pale nyuma, anajificha na leso. Siku ya kwanza aliposhuka na mizigo, alisimama sebuleni muda mrefu bila kuvua viatu, akisikiliza. Mwishowe akaniuliza, "Chumvi iko wapi?" Nikajua amekuja kukaa.

Namshukuru Mungu wangu! Namshukuru Mama Njambi, namshukuru Sajini Mutua ambaye bado anazunguka na chupa yake ya chai, na wale akina mama wanaopika githeri kwa watu wasiowajua.

Na sasa neno langu la mwisho kwenu. Ndugu zangu, kama kuna kitu kinachokufuata na unaogopa hata kukitaja, usikae nacho peke yako juu ya gorofa. Kilete mbele za Bwana jinsi kilivyo, hata kama hukielewi. Yeye hatishiki. Mtegemee!

Na kuna mtu huko Kalimoni, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Anakaa ndani ya shimo, hasemi na mtu. Watu wa pale wamekuja kwetu wakatuambia ni mzimu, tusiende. Juzi mimi na Mutua tulimwachia mkate juu ya jiwe tukarudi nyuma. Alikuja akauchukua. Kabla ya kuula alivua kofia yake. Baada ya ibada hii tunakwenda tena kumwona. Mwenye blanketi la ziada alete, mwenye miguu atembee nasi, na mwenye woga pia aje, kwa sababu hata mimi ninao. Ana jina yule mtu, na Mungu analijua. Tunakwenda kumuuliza. Amina.